Baba na mbabula: mazungumzo juu ya kuchoma nyama na samaki katika parsele

Mazungumzo haya yalitolewa na ekipe yetu ya tereni mbele ya wababa wa asosiasio, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, pamoja na majibu ya maswali.

Wazee wetu, wababa, na ninyi wamama mulioketi kule nyuma mukicheka tangu muliposikia kichwa cha mazungumzo: jambo yenu.

Komite njo ilituomba tuje kuzungumza juu ya kuchoma. Wengine walishangaa. Watu wa shirika wamezoewa kuja na habari ya mbegu, vyoo na masomo ya watoto, leo wanakuja na habari ya michopo? Lakini sisi tunaotembea nyumba kwa nyumba tumeona jambo moja hapa Baraka, na kule Mboko, na hata huko juu Fizi. Mwanaume ambaye hakubali kugusa chungu cha sombe, yule ambaye akiambiwa asonge bugali anasema mgongo unamuuma, huyo huyo atasimama saa nzima mbele ya makala bila aibu hata kidogo. Atapuliza, atageuza, atafukuza watoto, atawaita majirani waje waone. Mama njo alinunua, mama njo aliosha, mama njo alikata vitunguu, lakini baba anasema "leo nimepika." (Wamama wamepiga makofi hapa.)

Sisi hatukuja kugombana na hilo. Baba anayependa kuchoma ni baba aliyeko nyumbani. Tunataka tu achome vizuri, asipoteze makala, asiunguze mtoto, na asiwape watu ugonjwa.

Marafiki wanaotusaidia kutoka mbali, ambao nao wanasoma gazeti hili, labda watauliza kama nyama ya kuchoma ni jambo la kusaidiwa. Wengi wenu hapa mulikaa miaka Lugufu au Nyarugusu. Munakumbuka chakula cha kugawiwa: unga wa mahindi, maharage au mbaazi, mafuta, chumvi. Nyama ilikuwa jambo la Noeli, kama ilipatikana. Munakumbuka pia kuni. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, na kuni za karibu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo wamama na mabinti njo walienda kuzitafuta na kukutana na hatari huko porini. Watu walianza kurudi hapa kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, na leo kuna vijana wakubwa katika familia zenu ambao walizaliwa huko na hawakuwahi kumwona baba yao akichoma kitu katika parsele yake mwenyewe. Kwa hiyo siyo anasa. Ni nyumba kuwa nyumba tena.

Na kuna hesabu ya franka. Baba akienda nganda siku ya mungo, anakula brosheti nne na kunywa chupa mbili, na nyumbani wanakula ndakala. Chukueni bei ya brosheti hizo na chupa hizo, kila mmoja kwa bei ya soko lake, kiisha muulize mchinjaji anaweza kukukatia nyama ngapi kwa franka hizo hizo. Wababa wawili walifanya hesabu hiyo mbele yetu kabla ya mkutano. Mmoja alituomba tusiiandike.

Basi tuanze na moto, kwa sababu watu wengi wanafikiri kazi iko kwenye nyama. Kazi iko kwenye moto.

Makala mazuri ni ya mti mgumu. Ukiyagonganisha yanalia karibu kama chuma, ni mazito na hayavunjiki ovyo. Makala ya mti laini ni mepesi, yanarusha cheche na yanakwisha mbele ya nyama kuiva. Lakini angalieni vizuri huo uzito, sana sana masika: kuna wauzaji ambao gunia lao limelala katika mvua, na unalipa maji kwa bei ya makala. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, usiangalie ya juu tu.

Kuwasha: hapana petroli. Hapana kabisa. Kila mwaka tunaona mtu mwenye nyusi zilizoungua, na huyo ni mwenye bahati. Mafuta ya taa nayo yanaacha harufu katika nyama. Hapana mfuko wa plastiki, juu moshi wake ni sumu na unakaa kwenye chakula. Hapana mbao yenye rangi. Tumia vijiti vikavu, maganda ya mahindi, nyasi kavu, uweke makala madogo juu, kiisha yale makubwa. Halafu ngoja. Hapa njo wababa wengi wanashindwa. Wanaona moto unawaka kwa nguvu, wanafurahi, wanatupa nyama. Ndimi za moto hazipiki, zinaunguza nje na kuacha ndani mbichi. Ngoja mpaka ndimi ziishe na makala yavae majivu meupe. Wakati huo weka mkono wako juu ya mbabula, kama shubiri moja kutoka pale nyama itakapokaa, na uhesabu polepole. Ukiondoa mkono kabla ya tatu, moto ni mkali. Ukifika tano au sita, ni moto wa kuivisha.

Na makala yote yasikae sawasawa. Yasukume upande mmoja, upande mwingine yabaki machache au yasiwepo. Hivyo una sehemu mbili: moja ya kupaka rangi, moja ya kuivisha taratibu. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, usimwage maji, utapeperusha majivu mpaka kwenye chakula. Sogeza tu nyama upande wa baridi, moto utatulia wenyewe. Mtu akijua hilo moja tu, ameshinda nusu ya wachomaji wa nganda.

Kitu cha kuchomea nacho kina maneno. Tumeona watu wanatumia grilaji ya kufungia kuku, au kipande cha waya unaong'aa. Ule mng'ao ni zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya. Tafuteni chuma kitupu, fundi wa vyuma atachomelea fito za kawaida kwa bei ya kuvumilika. Rayo za kinga nazo tunaziona sana. Zikiwa za zamani na zimepakwa kitu, hatuzipendi. Mianzi iko, inakatwa bure. Chonga vijiti, viloweke majini nusu saa, havitaungua mapema.

Sasa nyama ya mbuzi. Mbuzi wetu anatembea sana na hana mafuta mengi, kwa hiyo nyama yake ni ngumu. Siyo kosa la mchomaji, lakini mchomaji anaweza kuisaidia. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, uzikate kwa kuzipitia katikati, usizifuate. Vipande viwe vidogo, kama nusu ya kiberiti. Kati ya vipande vitatu vinne, chomeka kipande cha mafuta ya mbuzi yule yule, yatayeyuka na kulainisha wenzake. Chumvi itie saa moja kabla, ipate muda wa kuingia. Tangawizi iliyopondwa, kitunguu, kitunguu saumu, pilipili kama watoto hawali hiyo. Ndimu kidogo, na siyo tangu asubuhi: ikikaa sana nyama inakuwa kama imepikwa nusu na inakauka motoni. Na ile kube ya dukani ina chumvi nyingi sana. Ukiitumia, punguza chumvi nyingine.

Mapapai tunayo karibu kila parsele. Ukifunga nyama katika majani ya mpapai saa mbili tatu, inalainika. Wazee wetu walijua hilo bila kusomea. Ukitumia utomvu wa papai bichi, hiyo ni nguvu zaidi, nusu saa inatosha. Ukisahau mpaka jioni utakuta uji.

Weka brosheti upande wa moto mkali zipate rangi, geuza, kiisha zivute upande wa taratibu. Usizichome na uma kila dakika kuangalia, maji ya nyama yanatoka na kuanguka motoni. Ukitaka kujua, kata moja. Hiyo ni ya mchomaji, hakuna atakayekulaumu.

Samaki tutakaa nayo zaidi, kwa sababu ziwa liko pale na mbuzi hayuko kila wiki. Na tuseme wazi: sisi tunaona samaki wa kuchoma ni chakula bora cha baba kuliko mbuzi. Ni rahisi zaidi kwa mfuko, kinaiva upesi, makala machache yanatosha, na mtoto wa miaka miwili anaweza kula akitolewa miiba.

Chagueni vizuri. Jicho lililo wazi na lenye kung'aa, mashavu mekundu ndani, mwili unaorudi ukiubonyeza, harufu ya ziwa na siyo harufu ya samaki. Jicho likiwa na ukungu na limezama, acha. Nunua asubuhi, pale wavuvi wanaporudi. Munajua wenyewe kwamba wavuvi wa taa wanategemea giza. Mwezi ukiwa mkubwa, ndakala na mikeke vinapungua na bei inapanda, kwa hiyo baba anayetaka kuchoma mikeke aangalie juu kwanza kabla ya kuahidi watoto.

Mikeke, ile ambayo kule Kigoma mulizoea kuiita migebuka, ina mafuta yake yenyewe. Haiombi mafuta mengine mengi. Toa matumbo mara moja ukifika nyumbani, usingoje mchana. Osha, kiisha ikaushe na kitambaa safi. Hapo wengi wanacheka, "samaki anakaushwaje na bado ni mubichi?" Lakini samaki mwenye maji juu ya ngozi anashika kwenye chuma, na ukimgeuza ngozi yote inabaki pale. Kwa hiyo: kausha samaki, pasha chuma mpaka kiwe cha moto sana, kipanguse kwa nusu ya kitunguu iliyochovywa katika mawese, halafu weka. Mkate mikato mitatu ya mshazari kila upande mpaka karibu na mfupa, chumvi na tangawizi viingie humo. Na usimguse. Samaki akiwa tayari kugeuzwa anajiachia mwenyewe. Ukimvuta na anakataa, bado. Mkeke wa kawaida unataka dakika tano au sita kila upande. Ameiva ikiwa nyama ya karibu na uti wa mgongo imekuwa nyeupe na inaachana, haifanani tena na kioo.

Sangala akiwa mkubwa, usimchome mzima, nje itaungua. Kata vipande vya unene wa vidole viwili. Au mfunge katika jani la mgomba pamoja na nyanya, kitunguu na mawese kidogo. Jani lipitishe kwanza juu ya moto lilegee, la sivyo litapasuka. Hiyo weka upande wa taratibu, funika, na uende kuzungumza na watoto. Ndakala usizitie kwenye chuma, zitaanguka zote. Hizo ni za kikaango.

Kuku ni maneno machache. Mpasue mgongo, umfungue kama kitabu, umweke upande wa taratibu muda mrefu, rangi mwishoni. Kuku hana kitu cha "nusu." Chomeka kisu penye mguu unapoungana na mwili. Maji yakitoka na wekundu, arudi motoni. Nguruwe vilevile, aive mpaka ndani, kwa sababu ya minyoo ya tegu. Na mnyama aliyekufa mwenyewe, hata kama mwenye kumuuza ni shemeji na anakupunguzia bei, hapana.

Tunafika kwenye maneno ambayo kwa kweli njo yalitufanya tukubali kuja. Uvira, Fizi, kando ya ziwa hili lote, kolera tunaijua. Haiji siku moja na kwenda, inakaa nasi. Tumeangalia siku za kuchoma zinavyokwenda. Samaki anaoshwa na maji ya ziwa katika beseni. Samaki huyo anakwenda motoni, na moto unaua vijidudu, basi samaki ni salama. Lakini beseni lile lile, likisuuzwa kidogo na maji yale yale, linakatiwa nyanya na vitunguu na pilipili, na hivyo havipiti motoni. Halafu sahani iliyobeba nyama mbichi inapokea nyama iliyoiva. Watu wakiumwa, wanasema nyama ilikuwa mbaya au jirani ana jicho. Nyama haikuwa na kosa.

Kwa hiyo, beseni mbili na sahani mbili, basi. Maji ya kachumbari yawe yaliyotiwa dawa ya klori au yaliyochemshwa. Sabuni na ndoo ya kunawa viwekwe karibu na mbabula, siyo nyuma ya nyumba ambako hakuna atakayekwenda. Baba anayechoma anawe yeye kwanza, watoto wamuone. Na chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili, joto likiwa kali saa moja.

Watoto. Baba akichoma, watoto wanakuja, na hilo ni zuri, njo faida yake. Lakini chora mstari chini na kijiti, hatua mbili kutoka kwenye mbabula, na mtoto asipite. Wakubwa wapewe kazi: kuchomeka vijiti, kukata ndimu, kupanga sahani. Mbabula ikae chini pamoja na mizani, isikae juu ya matofali mawili yanayoyumba. Na yule anayekunywa asishike moto. Kama ni lazima kunywa, kunyweni mukishakula.

Mahali tunapoona watoto wengi wakiungua siyo kwenye mbabula inayowaka. Ni baada. Makala yanamwagwa kwenye kona ya parsele, yanavaa majivu, mtu anatupia mchanga kidogo, hayaonekani tena. Saa tatu baadaye mtoto anapita pieku. Mchanga unaficha moto, hauui. Mwagia maji mpaka yaache kulia, koroga, mwagia tena.

Mtoto akiungua: maji safi ya baridi, yamiminike polepole juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, mtoto analia, bibi anasema tumuache, endelea. Hapana dawa ya meno, hapana mawese, hapana yai, hapana majivu. Vinazuia joto kutoka na vinaleta uchafu, kiisha muuguzi anapaswa kuviondoa na mtoto anaumia mara ya pili. Vua bangili na nguo, isipokuwa ile iliyoshikamana na ngozi. Funika na kitambaa safi, nendeni kituo cha afya, sana sana kama ni uso, mkono, au mahali panapozidi kiganja cha mtoto mwenyewe.

Na mvua. Mvua inaanza, nyama bado, watu wanabeba mbabula kuingia nayo ndani. Au kule juu milimani, baridi ikiingia usiku, makala yaliyobaki yanawekwa chumbani yapashe watu joto. Wapendwa, makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Moshi haupo, kwa hiyo watu wanafikiri hakuna hatari. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja, na kuna familia ambazo hazikuamka. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Tengenezeni paa dogo la nyasi au turubai lisilo na kuta, lililo juu ya kutosha, mvua ikute moto uko pale. Hakuna nyama ya bei hiyo.

Maswali yalikuwa mengi, tunaandika matatu.

Mama mmoja aliuliza: baba akimaliza kuchoma, nani anaosha vyombo? Wababa walinyamaza, ikabidi mzee wa komite ajibu. Alisema kwake wavulana wanaosha, na yeye anasugua chuma mwenyewe kikiwa bado cha moto, kwa kuwa uchafu unatoka rahisi wakati huo. Alisema ukweli. Chuma kisuguliwe moto, kwa brashi au kwa majani makavu yaliyokunjwa, siyo kesho yake.

Baba mmoja aliuliza kama makala yaliyobaki yanaweza kutumika tena. Ndiyo. Yatie katika sufuria nzee ya chuma yenye kifuniko, funika, moto utakufa kwa kukosa hewa, na kesho mama ana makala ya chai. Sufuria ikae nje mpaka ipoe kabisa, siyo ndani, kwa sababu ile tuliyosema.

Swali la tatu lilikuwa juu ya pipa la asosiasio, ambalo wengine wanataka lipasuliwe katikati lifanyiwe mahali pa kuchomea siku ya karamu ya likelemba. Tuliuliza lilikuwa na nini. Mmoja alisema mawese, mwingine alisema mazuti. Hamuwezi kulipasua mpaka jambo hilo lijulikane. Pipa la mazuti au petroli, hata likiwa tupu, lina mvuke ndani, na cheche moja ya fundi inaweza kulilipua. Lioshwe kwa sabuni na maji mengi, lijazwe maji, na fundi alikate kwa patasi na nyundo. Likikatwa, liwashiwe moto mkubwa mtupu, bila chakula, mpaka rangi yote iungue. Kama lilikuwa la dawa ya shamba, libaki kuwa pipa la taka. Msimamizi wa depo atatafuta aliyelileta, na jibu litasomwa katika mkutano wa mwezi ujao. Kwa karamu hii, wababa sita wameahidi kuleta mbabula zao, na mama mweka hazina ameandika majina.